Mkono wa Kulia wa Nassoro

Elisante Gwao alipanda kilima cha Mgongoni saa mbili asubuhi, kisanduku cha bati kwapani, na Zuhura Ntandu akamwona tangu akiwa bado chini kwenye mdomo wa handaki. Zuhura alikuwa juu ya jukwaa la mabomba, brashi ya waya mkononi. Hakuacha kusugua. Kwa miaka sitini na mitatu aliyokuwa nayo, kushuka jukwaani na kupanda tena kulimmalizia magoti ya siku nzima, na mtu wa serikali akishakuja huwa haondoki upesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogea kidogo, vumbi la kutu litakuingia machoni."

Elisante akasogea. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, afisa wa Ofisi ya Mazoea mjini Singida, wanaotunza namna marehemu walivyosimama na kutembea, na mlima ulikuwa umemtoa jasho. Mbele yake sanamu ishirini na sita zilisimama kwa mstari juu ya kilima, kila moja na urefu wa nyumba ya ghorofa mbili, zote zimeundwa kwa mbavu za chuma za lile handaki lililojaa maji na kuua wachimbaji ishirini na sita. Jua lilikuwa limezishika mgongoni na chuma kimeanza kulia taratibu. Ya nne ilikuwa inainamisha kichwa. Ya kumi na moja ilianza kukunja kiwiko, kazi ambayo ingeimaliza saa sita mchana. Watu wa mjini walishazizoea, wanazitazama kujua saa na kuendelea na shughuli zao.

"Wamemaliza kuvuta maji tawi la chini," Elisante alisema. "Tumepata simu. Ya Nassoro Kidimu."

Brashi ikasimama.

"Ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, imefungwa kwa mpira mara tatu. Kijana alijua maji yanakuja. Mazoea yake yamo yote humu kisandukuni, miezi kumi na minne. Nimeyapitia mwenyewe, ni safi kabisa."

"Alhamdulillahi," Zuhura alisema, maana ilibidi aseme kitu.

"Sasa hapa kuna kazi ndogo tu." Akatoa karatasi. "Wewe mwaka ule uliandika kwamba mazoea ya Nassoro uliyapata kwenye simu yake ya zamani. Kwa hiyo haya ni nakala ya pili. Sheria unaijua kuliko mimi."

Aliijua. Mtu mmoja, mahali pamoja. Ilipitishwa baada ya ile miaka ya vurugu, marehemu walipokuwa wanachapwa kama mabango, mpaka mfanyabiashara mmoja akamsimamisha shemeji yake aliyekufa mlangoni pa duka awakaribishe wateja. Tangu hapo mazoea ya marehemu yanawekwa kwenye chuma kimoja, na nakala yoyote nyingine inafutwa. Yasiyowekwa popote yanafutwa mwaka wa kumi.

"Weka saini hapa kwamba Nassoro yumo tayari kwenye sanamu ya ishirini na mbili. Mimi nafuta haya, tunafunga jalada."

"Na nisiposaini?"

"Kwa nini usisaini, mama?" Aliuliza bila shaka yoyote, kama mtu mwenye vilima vingine viwili vya kupanda kabla ya chakula.

"Sina miwani. Niachie karatasi."

"Basi Ijumaa. Saa tano nitakuwa hapa."

Elisante alipokwisha kuteremka, Zuhura alikaa kwenye mbao za jukwaa, miguu ikining'inia, akaitazama ya ishirini na mbili. Ilikuwa imeegemea mguu wa kushoto. Mkono wake wa kulia umekwisha kuachana na paja, uko njiani kwenda kisogoni. Ule haukuwa mkono wa Nassoro Kidimu. Ulikuwa wa Msengi, mumewe Zuhura, na aliyeuweka pale ni Zuhura mwenyewe.

*

Chuma cha mazoea ukikitazama ni chuma kama kingine. Unakikata kwa grenda, unakichomelea, kinakuunguza vilevile. Tofauti iko ndani, ambako kuna mishipa myembamba kuliko unywele, maelfu kwa maelfu, inayojikunja ikipata joto la jua na kujinyoosha ikipoa. Ukiifundisha mpangilio mmoja, itaurudia kila siku mpaka kutu iimalize. Na mafunzo yenyewe yanatoka kwenye simu, ambayo ikikaa mfukoni inaokota mambo usiyoyatambua mwenyewe: mguu unaouegemea ukichoka, bega linaloshuka kwanza, mkono unakokwenda ukiwa na wasiwasi. Sura hazihusiki. Vichwa vya sanamu za Zuhura ni mabamba yaliyokunjwa tu, hayana pua wala macho. Hata hivyo siku ya uzinduzi mtoto wa miaka mitano aliikimbilia ya tatu akiita "Babu!" kabla hajaambiwa ni ya nani.

Ila sanamu mpya ni jinga. Hata kusimama haijui. Kwa hiyo mafundi wana desturi ya kuiamsha. Unaitia mazoea ya mtu yeyote unayemjua vizuri, unaiangalia siku chache kama viungo vinakwama, halafu unayatoa na kuweka ya marehemu mwenyewe. Lazima uyatoe kabla ya siku ya tisa, kwa sababu siku ya tisa chuma hushika, na kikishashika hakilegei mpaka upitishe moto kwenye visigino. Mafundi wengi wanatumia mazoea yao wenyewe. Zuhura alitumia ya Msengi, ambaye figo zilimuua miaka sita kabla ya ajali ya handaki, na ambaye Zuhura, kwa kuwa ni jamaa yake wa karibu, alikuwa na ruhusa ya kumhifadhi karakanani hadi mwaka wa kumi.

Kila sanamu iliyoinuka karakanani kwake ilisimama kwanza kama Msengi. Uzito mguu wa kushoto, mkono wa kulia unapanda polepole kwenda kusugua kisogo, vilevile alivyokuwa akifanya akiwa na neno asilotaka kulisema. Zuhura alikunywa naye chai asubuhi nyingi kuliko alivyomwambia mtu yeyote. Mara ishirini na sita alimwamsha, na mara ishirini na tano akamtoa siku ya nane, akatoka nje akajishughulisha na jambo lingine.

Ya ishirini na mbili haikupata mwenyewe. Simu ya Nassoro ilibaki handakini na yeye. Siku ya uzinduzi ilikuwa inakaribia, na kamati ikasema haiwezekani mama mmoja akae mbele ya chuma kilichokufa wakati wenzake wanasalimia watoto wao. Zuhura akasema atafute kwanza. Siku ya nane ikapita. Siku ya tisa alishinda karakanani akichomelea unyayo wa ya ishirini na tatu, mgongo ameupa mlango. Hakusahau. Angependa sana kusema kwamba alisahau. Jioni akaandika kwenye daftari, "simu ya zamani," akapiga muhuri wake.

Mwaka jana mwaka wa kumi wa Msengi ulitimia na ofisi ikaja kufuta nakala ya karakana. Sasa Msengi hakuwa popote duniani isipokuwa pale kilimani, kwa jina la mtoto wa mwenzake.

Siku tatu Zuhura alizunguka na ile karatasi kwenye mfuko wa aproni. Akisaini, Nassoro anafutika kana kwamba hakuwahi kusimama kwa miguu yake. Asiposaini, anayeondoka ni Msengi. Mara kwa mara alijiambia kwamba anamhurumia mama yake Nassoro. Miaka minne ameuzoea mkono ule, ameupenda, leo amwambie si wa mwanawe? Huruma hiyo ilimjia haraka mno, na kwa sababu hiyo hakuiamini. Alikuwa amechoka uchovu ambao kulala hakuupunguzi. Alhamisi alikaa kitandani na kalamu mkononi, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake, akaacha.

*

Ijumaa ni siku ya kusalimia. Hakuna aliyeitangaza, ilijijenga yenyewe. Watu wanapanda na watoto na vikapu, kila jamaa wanakwenda kwa mtu wao, wanaweka kiganja kwenye mfupa wa mguu, wanamsalimu, wanangoja mpaka saa sita kitendo chake kifike kileleni, kisha wanashuka. Wa watu wengine husalimii, si adabu. Sanamu isiyo na wa kuisalimia inaonewa huruma hadharani. Ya tisa, ambayo jamaa zake walihamia Mpanda, watu wanasema imeingia kutu, ingawa Zuhura anazisugua zote sawasawa.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuja Ijumaa. Alikuja siku za kazi, na brashi na kopo la mafuta, kama fundi.

Ijumaa hiyo Mama Nassoro alikuwa amekaa kwenye jiwe lake, chupa ya chai pembeni. Mwanamke mwembamba, kitenge kimefuliwa mpaka maua yamepauka. Alikuwa ameshaweka kiganja mguuni. Zuhura alimsikia akisema, "Hujambo, baba. Umeamkaje."

"Mama Nassoro, nina neno na wewe."

"Kaa basi, Fundi. Shingo inaniuma kukutazama juu."

Zuhura akakaa kwenye mchanga. Alikuwa ameyapanga maneno tangu alfajiri na yote yakamkimbia, kwa hiyo akasema yaliyobaki. Kwamba huyu si Nassoro. Kwamba ni mume wake, Msengi. Kwamba hakukosea kwa bahati mbaya, alifanya akijua, na akaandika uongo.

Mama Nassoro alifunga kikombe cha chupa ya chai, akakikaza vizuri.

"Najua," alisema.

Akauonyesha kwa kidevu mkono wa chuma uliokuwa unapanda.

"Nassoro alikuwa wa kushoto. Shuleni walimchapa mpaka mwalimu akachoka yeye. Kijiko kushoto, nyundo kushoto, hata mlango wangu alikuwa anausukuma kwa bega la kushoto, bawaba zimelegea upande mmoja mpaka leo. Siku ile mlipofungua turubai, huyu akaanza kuinua wa kulia. Haukufika hata kifuani nikawa nimejua."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Geuka uone." Zuhura akageuka. Mstari mzima ulikuwa na watu. "Mama wa huyu wa ishirini na moja alikuwa ameukumbatia mguu wa chuma, analia kama amezaa upya. Nikisema wangu siye, nani angelala usiku ule bila kujiuliza kuhusu wake? Nikanyamaza. Mwezi wa kwanza nilikuja kwa hasira, Fundi, sikufichi. Nilikuwa nakaa hapa hapa namtukana. Halafu nikamwangalia vizuri. Nikaona ni mtu mzima, kiuno kinamsumbua, ana jambo moyoni. Nikasema huyu naye ni wa mtu. Nikangoja watu wake waje. Hawakuja. Basi nikawa namsalimia mimi."

Hapo ndipo Zuhura alipotambua kwamba kwa miaka yote hiyo hakuwahi kusikia mtu akisimulia kwamba Mama Nassoro anaita sanamu yake kwa jina.

"Watu wake ni mimi," alisema. "Nilikuwa nakuja na brashi."

"Nilikuona siku mbili tatu, nikipita. Nikasema fundi anaipenda kazi yake."

Juu yao chuma kililia na mkono wa kulia ukapita bega. Zuhura aliona aibu, na ndani ya aibu kulikuwa na nafuu kidogo, na nafuu hiyo ikamtia aibu zaidi. Ilibaki nusu ya pili ya habari.

"Nassoro amepatikana. Simu yake. Mazoea yake yote yamo."

Mama Nassoro alisimama. "Lini?"

"Jumatatu."

"Na leo Ijumaa."

"Ndiyo."

"Siku nne umekaa na mwanangu mfukoni."

Zuhura angeweza kusema kwamba kisanduku kiko ofisini, kwamba yeye alikuwa na karatasi tu. Hakusema.

"Nimechoka, Fundi," Mama Nassoro alisema. Hakupaza sauti. "Miaka minne nimekulelea mume. Mvua nimepanda, mafua nimepanda. Nipe mwanangu."

*

Saa tano Elisante akafika, akapewa karatasi. Pale penye saini palikuwa na herufi moja iliyokatwa mstari, na chini yake mistari sita ya kukiri uongo wake, kwa mwandiko mkubwa wa mtu asiye na miwani. Aliisoma mara mbili.

"Mama, hii nikiipeleka watakunyang'anya muhuri. Hutagusa chuma tena."

"Najua."

"Na hizi zote zitakaguliwa. Zote ishirini na sita."

"Zikaguliwe. Zilizobaki ni wenyewe."

Elisante alivua kofia, akajifuta paji la uso, akaivaa tena. Kanuni, alisema, inataka kosa la kuweka lirekebishwe mara likigundulika, mbele ya jamaa. Jamaa alikuwepo. Mtungi wa gesi ulikuwepo kwenye kibanda cha zana. Kisanduku alikuwa amekuja nacho, ili akifute.

Kabla hajaenda kibandani Zuhura alitembea mstari mzima, sanamu kwa sanamu, akawaambia watu alichokifanya. Ilimchukua karibu saa nzima. Wengine hawakumjibu. Mama wa ishirini na moja alimtukana tusi zito ambalo Zuhura aliona linamstahili. Mzee mmoja hakungoja hata amalize, alikwenda akaushika mguu wa mwanawe kwa mikono miwili, akainua uso kutazama juu, akaangalia kwa muda mrefu jinsi bega linavyoshuka, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Zuhura alirudi akisukuma toroli la mtungi. Zilikuwa zimebaki dakika chache kufika saa sita.

"Ngoja," Mama Nassoro alisema. "Anaitwa nani?"

"Msengi."

Mama Nassoro akaweka kiganja kwenye chuma, palepale alipokuwa akikiweka kila Ijumaa, mahali palipokwisha kung'aa kwa mkono wake. "Haya, Msengi, baba. Asante. Umemshikia mwanangu nafasi. Nenda kapumzike sasa." Akasogea pembeni akampisha mwenyewe.

Zuhura aliivua glovu. Mguu ulikuwa wa moto, jua la mchana, na alipoweka kiganja aliisikia mishipa ikitembea ndani. Alikuwa ameupaka mguu huu mafuta mara mia, hajawahi kuusalimia hata mara moja, aliogopa watu wangeona uso wake.

"Msengi," alisema. "Mimi hapa."

Juu kabisa, mkono wa kulia ulifika kisogoni. Ukakaa pale, vidole vya mabamba vimetulia, mtu mwenye neno asilotaka kulisema.

"Najua," Zuhura alimwambia. "Nenda tu."

Akavaa glovu, akawasha moto, akaupeleka kisigino cha kushoto, halafu cha kulia. Alifanya polepole na vizuri, kama anavyofanya kazi zote. Chuma kikawa chekundu, kikatoa mlio mmoja mrefu. Mkono ulikuwa umeanza kushuka. Ulisimama katikati, ukaning'inia, kisha ukaanguka pajani, na sanamu ikanyooka ikawa jinga kama siku ilipozaliwa. Zuhura alilia mbele za watu bila kujifunika. Elisante alipiga magoti kwenye unyayo, akafungua kifuniko kwa spana, akaunganisha kisanduku.

*

Muhuri aliurudisha Jumatano, na ufunguo wa kibanda pamoja nao. Ofisi ilimpa risiti.

Ijumaa alipanda tena. Alipumzika njiani mara tatu. Mama Nassoro alikuwa kwenye jiwe lake, akamtazama anavyokuja, hakumkaribisha wala hakumfukuza. Zuhura alikaa mbali kidogo.

Ya ishirini na mbili haikutulia. Ilihamisha uzito mguu huu, ikaurudisha ule, mtu asiyeweza kusimama mahali pamoja. Saa nne mkono wa kushoto ulianza safari. Zuhura aliufuata kwa macho ya fundi, akingoja uanze kupanda, lakini haukupanda. Ulikwenda pembeni, ukashuka, na saa sita kasoro ukafika penye mfuko, ukapapasa, ukakaa juu yake.

"Simu," Mama Nassoro alisema. "Alikuwa anashika kuona kama nimempigia. Nilikuwa nampigia sana, Fundi. Mpaka wenzake wakawa wanamcheka." Akafuta macho kwa pindo la kitenge. "Haya, njoo. Miaka yote mimi nimesalimia wa kwako."

Zuhura aliinuka kwa shida, magoti yakalia. Hakuwa na brashi wala kopo la mafuta, na mikono yake hakujua aiweke wapi mpaka ilipofika kwenye chuma.

"Hujambo, Nassoro," alisema.

Mama Nassoro akasogea kwenye jiwe, akamwachia nafasi ya kukaa, akafungua chupa ya chai.